Korongo, mtaa na chuo: shajara ya mradi wetu Dodoma, 2023 hadi 2025

Shajara hii ni ya kazi ambayo mtaa wetu, pembezoni mwa Jiji la Dodoma, unaifanya pamoja na wanafunzi na walimu wa chuo kikuu kimoja cha hapa hapa mjini. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na katibu wa kamati ya mradi upande wa mtaa. Naandika ili mtaa mwingine utakaopokea barua ya chuo ujue pa kuanzia, usije ukalipia makosa ambayo sisi tumeshayalipia.

Tatizo lenyewe ni korongo. Linaanzia chini ya barabara ya vumbi, linapita nyuma ya nyumba kama arobaini na kuishia kwenye mashamba ya uwele. Mwaka 2016, Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma, mtoto wa darasa la tatu alikuwa analiruka. Leo mtu mzima akitumbukia humo hatoki bila kushikwa mkono.

12 Agosti 2023: Wanafunzi 14 na maswali 46

Wamefika wanafunzi 14 wa mwaka wa pili walio kwenye fildi: wa jiografia, uhandisi na maendeleo ya jamii. Barua yao ilipita kwa Mkurugenzi wa Jiji, ikashuka kata, ndipo ikafika kwa mtendaji wa mtaa. Safari hiyo ilichukua wiki tano, kwa hiyo ukitaka watu Julai, anza kuifuatilia Mei.

Walikuja na dodoso lililokwisha kuchapwa. Hakuna mtu wa mtaani aliyeulizwa kabla ya hapo ni nini kinachomsumbua. Swali la 17 lilisema: "Ni kwa kiwango gani kaya yako inaathiriwa na mmomonyoko wa udongo: sana, wastani, kidogo, huna maoni?" Bibi jirani yangu, ambaye banda lake la kuku lilikwenda na maji, alimjibu kijana: "Mwanangu, njoo nikuoneshe." Kijana akaweka alama kwenye "sana" na kuendelea na swali la 18. Hakwenda kuona. Si kwamba hakuwa na adabu, maana alimwamkia bibi vizuri na kumsaidia kuteremsha ndoo. Karatasi aliyopewa haikuwa na nafasi ya kuandika alichooneshwa.

Kosa la pili ni la kalenda. Fildi ya vyuo ni Julai hadi Septemba. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Vijana walisimama katikati ya korongo kavu lenye vumbi, mmoja akauliza kwa dhati kabisa kama kweli maji hupita hapo.

Gharama ya mtaa: chai na maandazi, shilingi 28,000.

2 Septemba 2023: Kazi imesimama

Wanafunzi walianza kupima nafasi za nyumba kwa simu na kupiga picha za kuta. Jioni ile ile mtaa mzima ukawa unasema wanapimia bomoabomoa. Mgeni anaweza kuona ni uvumi tu, lakini hapa watu wengi wanaishi kwenye viwanja ambavyo upimaji wake una historia ndefu na chungu. Mtu akimwona mgeni ana kifaa na daftari mbele ya nyumba yake, anachowaza kwanza ni alama nyekundu ya X ukutani. Wazee wawili waliwafungia wanafunzi geti. Mama mwenye genge akakataa kuwauzia hata nyanya.

Tulisimamisha kila kitu kwa wiki mbili. Kilichotuokoa ni mkutano wa hadhara tulioitisha kwa spika ya kukodi (shilingi 30,000). Mwalimu wa chuo alikuja mwenyewe, akasimama chini ya mkwaju akaanza na salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!", kabla ya neno jingine lolote. Akaeleza kazi ya Ramani Huria iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2015, ambapo wanafunzi wa vyuo na wakazi wa kata zinazofurika walichora pamoja mitaro, njia na nyumba. Kisha akafanya jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lililozaa mradi huu: aliweka pembeni dodoso na maswali yake yote 46 na kuuliza, "Ninyi mngetaka kujua nini kuhusu korongo hili?"

Ilichukua saa mbili. Swali lililobaki mwishoni ni moja: maji haya yanatoka wapi? Wengi tuliamini yanatoka mlimani. Kijana mchunga mbuzi akasema hapana, mlimani maji huja baadaye, ya kwanza hutoka upande wa nyumba mpya. Watu wazima tukamnyamazisha. Ninaliandika hilo kwa masikitiko.

30 Septemba 2023: Makubaliano ya karatasi moja

Tumeandikiana ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Swali la utafiti linatoka mtaani. Mwanafunzi haingii nyumba ya mtu bila kuongozana na mjumbe. Ramani inachorwa kwanza kwa mkono, juu ya karatasi za mifuko ya saruji zilizogundishwa, kila mtu akiiona, halafu ndipo inaingia kwenye kompyuta, tena bila majina ya wenye nyumba. Matokeo yanasomwa kwenye mkutano wa mtaa.

Jambo gumu lilikuwa posho. Watu waliomba posho ya kikao, chuo hakina fungu hilo, na mimi sikutaka tuanze kwa kununua mahudhurio. Lakini mwongoza njia aliyeacha kibarua chake siku nzima anapoteza chakula cha nyumbani, na mwanafunzi mwenye mkopo yeye kapewa fedha ya fildi. Usawa uko wapi hapo? Tukakubaliana kwamba mkutano ni chai tu, ila mwongoza njia analipwa na chuo shilingi 10,000 kwa siku. Wanne kwa siku sita, jumla 240,000. Tangu siku hiyo lawama za posho zimekwisha.

25 Novemba 2023: Vipimo vya mvua, na namna tulivyovikosea

Kwa kuwa wanafunzi watakuwa darasani na kwenye mitihani wakati wa mvua, tuliamua vipimo vishikwe na mtaa. Nyumba 12 zilipewa kipimo cha chupa ya plastiki, iliyokatwa shingo na shingo hiyo kugeuzwa juu chini kama faneli. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatangaza El Niño, tukaona tusichelewe.

Mvua ya kwanza ikatuletea namba 12 zisizofanana hata kidogo: 6, 19, 11, 3, 22. Tulipozunguka tukaona sababu. Chupa za soda zina kiuno, na kitako chake kina mabonde, hivyo milimita za chini si sawa na za katikati. Kipimo kimoja kilikuwa chini ya mwarobaini. Kingine kilikuwa karibu na ukuta kikapokea maji ya bati. Kimoja kiliangushwa na mbuzi, mtoto akakijaza tena kwa maji ya ndoo ili bibi yake asimkaripie.

Marekebisho yalikuwa rahisi. Tulitumia makopo ya maziwa ya unga yenye kuta zilizonyooka, kitako bapa. Kila kopo lilifungwa kwenye kigingi uwanjani, mbali na mti na ukuta, na mwenye nyumba akapewa rula ya mwanafunzi (12 kwa 500, shilingi 6,000). Linasomwa saa moja asubuhi na kumwagwa. Mvua iliyofuata namba zilikaa kati ya 13 na 16. Watoto wa darasa la sita ndio wasomaji wetu bora.

20 Januari 2024: Mvua ya milimita 34

Imenyesha mchana, saa moja na nusu tu. Makopo mengi yalionesha 34. Wanafunzi watano walikuja kwa bajaji mvua ikiwa bado inadondoka, nguo zimelowa, wakaungana na waongoza njia kufuata maji kuelekea yanakotoka. Siku hii moja imetufundisha kuliko fildi nzima ya Agosti.

Mchunga mbuzi alikuwa sahihi. Maji ya mlimani yalifika korongoni karibu nusu saa baada ya maji ya nyumba mpya. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Bati la nyumba ya kawaida upande ule lina kama mita 60 za mraba, kwa hiyo mvua ile ilimwaga zaidi ya lita 2,000 kutoka kila paa. Tulihesabu nyumba 120 zinazoelekea barabara ya vumbi. Hizo ni lita 244,800, bila kuhesabu nyua zilizoshindiliwa na barabara yenyewe. Si zote zinafika korongoni, nyingine hunywewa na ardhi njiani, lakini nyingi zinakusanywa na mtaro na kutolewa kwa nguvu kwenye mdomo wa kalavati moja, juu kabisa ya korongo.

Wakati wa kuhesabu mapaa, binti mmoja wa maendeleo ya jamii alisimama ghafla. Nyumba ya 71 kwenye orodha ndiyo aliyopanga yeye. Tukaangalia vizuri: nyumba nyingi za juu ni vyumba vya kupangisha wanafunzi. Alisema, "Mama, kumbe maji yangu ndiyo yaliyobeba kuku wa bibi." Siku iliyofuata alikwenda kwa bibi peke yake, hakutumwa na mtu. Walipika ugali wa mtama kwa mlenda, na aliporudi alikuwa na kurasa tisa za habari za korongo tangu lilipokuwa kijinjia cha ng'ombe.

16 Machi 2024: Ripoti ya kurasa 88

Ripoti imekamilika, imeandikwa kwa Kiingereza, ina kurasa 88 na imekaa ofisini kwa msimamizi. Mtaa tulipewa flashi, ambayo ofisi ya mtaa haina pa kuichomeka. Makubaliano yalisema matokeo yasomwe mkutanoni, lakini muhula ulikuwa umefika ukingoni, kila mwanafunzi anawaza mtihani.

Nilikwenda chuoni mwenyewe kwa daladala, nikiwa na mzee mmoja wa kamati. Mzee alimwambia mwalimu kwamba baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 kijana wa kidato cha sita hakuingia chuo kikuu moja kwa moja. Alitakiwa afanye kazi kwanza na apendekezwe na wale aliofanya nao kazi. "Sasa ninyi mnawapima vijana kazi waliyoifanya kwetu," akasema, "na sisi tulioiona hamtuulizi." Mwalimu alikaa kimya, akachukua kalamu.

Tulikubaliana hivi. Kuanzia kundi linalofuata, alama 15 kati ya 100 zinatoka kwenye fomu inayojazwa na kamati ya mtaa, na mwanafunzi hapati alama ya mwisho kabla ya kusoma matokeo yake kwa Kiswahili mbele ya wananchi. Kila ripoti iwe na muhtasari wa kurasa mbili unaobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa. Ukinakili kitu kimoja tu kutoka shajara hii, nakili hiki.

24 Agosti 2024: Vizuizi saba vya mawe

Kundi la pili, wanafunzi 11, wengi wa uhandisi. Walisoma matokeo ya wenzao mkutanoni, na ubishi ulikuwa mkali kati ya wa juu na wa chini. Wenye nyumba wa juu waliona wanashitakiwa. Mwishoni tuligawana kazi: juu, gata na mapipa au mashimo ya kunyonya maji, kila shimo likae mbali na msingi wa nyumba; chini, vizuizi vya mawe ndani ya korongo.

Tulijenga vizuizi saba kwa Jumamosi nne. Tripu tatu za mawe kwa 90,000, toroli mbili kwa 95,000, sururu na machepe 84,000: jumla 544,000. Kando tulipanda mkonge na minyaa.

Minyaa ndiyo iliyotuletea ajali. Kijana alikata tawi, utomvu ukamrukia jichoni. Wanawake wa mtaa wanaujua utomvu huo, wakamlaza na kumwagia maji safi mfululizo, kisha akapelekwa zahanati (12,000). Alipona baada ya siku tatu. Kosa ni letu wenyeji: tulidhani kila mtu anaijua minyaa, na yeye kakulia kwenye migomba. Sasa anayekata minyaa huvaa miwani na hasimami upande wa upepo.

21 Desemba 2024: Uchaguzi, kisha mafuriko

Tarehe 27 Novemba ulifanyika Uchaguzi wa Serikali za Mitaa. Mtaa umepata mwenyekiti mpya, mtu mwema, lakini hakuwa na habari ya makubaliano yetu. Wiki za kampeni hatukuweza kuitisha mkutano wowote bila kuonekana wa upande fulani, na chuo kikarudishiwa barua ili waanze upya. Tatizo ni kwamba karatasi yetu ilikuwa na saini ya mwenyekiti aliyetoka, basi. Tumeiandika tena kama azimio la mkutano wa mtaa, limeingia kwenye muhtasari, na nakala iko kwa mtendaji, ambaye ni mwajiriwa na haondoki na uchaguzi.

Mvua kubwa ya kwanza ilipiga tarehe 18. Kati ya vizuizi saba vimebaki viwili. Nilisimama ukingoni nikaona mawe ya michango ya watu yakibiringika. Nililia, na sioni haya kuandika hivyo.

22 Februari 2025: Tumejenga upya, safari hii kwa kamba

Mzee yule wa Azimio la Musoma ujanani alikuwa kibarua wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, mradi ulioanza mwaka 1973. Alichimba makinga maji huko Kondoa. Agosti hakusema neno kwa sababu hakuulizwa, na wanafunzi walikuwa na michoro. Tumemwomba radhi. Alikaa nao mchana kutwa, wao na vitabu vyao, yeye na fito tatu, kamba na jiwe.

Makosa waliyoyaona pamoja ni haya. Vizuizi vilikuwa virefu mno, kimo cha kifua, kwa hiyo maji yalijikusanya yakawa na nguvu ya kusukuma. Sehemu ya juu ilikuwa sawa kutoka ukingo hadi ukingo, maji yakatafuta njia pembeni na kuzunguka. Mawe hayakuingizwa kwenye kingo. Na mbele ya kizuizi hapakuwa na sakafu ya mawe, maji yakaanguka na kuchimba mguu wake.

Vipya ni tisa, vyenye kimo cha nusu mita. Katikati ni pa chini kuliko pembeni ili maji yapite hapo. Kila upande umechimbiwa ukingoni hatua moja, na mbele kuna sakafu ya mawe makubwa. Umbali unatokana na mteremko: korongo letu linashuka mita 1 kila mita 20, hivyo kizuizi cha nusu mita kinafuatiwa na kingine mita 10 chini yake, ili mguu wa cha juu ulingane na kichwa cha cha chini.

Fito za mzee ni kipimo cha umbo la A, chenye jiwe linaloning'inia. Wanafunzi waliweka alama ya katikati kwa macho tu, na mstari wao wote ukaenda upogo. Unatakiwa kusimamisha miguu, weka alama kamba inapogusa, geuza kipimo mguu wa kulia uwe mahali pa wa kushoto, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo pa kweli. Kwa kipimo hicho hicho tulichora makinga maji manne kwenye uwanda ulio chini ya kalavati, na vijana wakaanza kupogoa visiki hai vya migunga iliyokuwa ikikatwa kila mwaka.

Mawe mengi tuliyaokota yaliposombwa. Tripu moja ya nyongeza na chakula cha wafanyakazi: 155,000. Wanafunzi walikuja Jumamosi tu, kwa sababu ya vipindi, na kazi iliyopangwa wiki mbili ilichukua sita.

10 Mei 2025: Baada ya mvua

Vizuizi vinane vimesimama. Cha tisa kimefumuka upande mmoja, pale tulipokutana na mchanga mtupu tukachoka kuchimba. Vitatu vya juu vimejaa udongo karibu na kichwa, na mkonge umeshika. Nyuma ya banda la bibi tulikuwa tumeweka alama ya rangi kwenye mwamba: Agosti kina kilikuwa mita 1.9, sasa ni 1.5.

Upande wa juu tumefika nyumba 37 kati ya 120. Zinazotushinda ni za kupangisha, maana wenyewe wanaishi mbali na hawapokei simu. Binti wa nyumba ya 71 na wenzake wanane waliwaandikia wenye nyumba wao barua kama wapangaji, wakiomba gata. Wanne wamekubali.

Mtaa umetumia shilingi 775,000. Kaya 131 zilichanga 5,000 kila moja, ikapatikana 655,000. Pengo la 120,000 lilizibwa na harambee mbili, moja baada ya swala ya Ijumaa na nyingine baada ya misa.

19 Julai 2025: Kundi la tatu

Wamekuja kumi. Dodoso halipo. Mkutano uliwapa swali tulilolichagua Juni kwa kunyoosha mikono: visima vitatu vya mtaa vina maji ya chumvi, kimoja kimezidi tangu mwaka jana, kwa nini? Mchunga mbuzi, ambaye sasa yuko kidato cha kwanza, ameandikwa miongoni mwa waongoza njia na atalipwa kama wengine. Jumatatu wanaanza kwa bibi, ndiye anayejua kila kisima kilichimbwa mwaka gani.